TULIJUE NENO "KIBARUA": ASILI YAKE, MATUMIZI YAKE NA HAKI ILIYOMO NDANI YAKE

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, Masahaba zake na wote waliofuata mwenendo wake mwema.



Katika somo la mwaka huu tumechagua neno moja tu, neno ambalo hapa Mzumbe halipiti siku bila kutamkwa. Vijana wanaoshika njia ya Mlali kwenda kuchuma nyanya, akina mama wanaokwenda palizi, wanaofyatua tofali, wanaowasaidia mafundi katika ujenzi, wanaopakia magunia ya mboga zinazoteremka kutoka Mgeta, ukiwauliza waendako, wote watakujibu: "Tunakwenda kibaruani." Wengi wetu tumelishwa, tumevishwa na tumenunuliwa Juzuu Amma kwa fedha ya kibarua. Pamoja na hayo, neno hili mara nyingi hutamkwa kwa dharau. Husemwa, "Huyu ni kibarua tu," kana kwamba mtu huyo hana haki ya kudai kitu.

Tutaonyesha, inshaallah, kwamba neno hili lina ukoo mmoja na neno tunalolisoma katika Qur'an Tukufu, na kwamba haki ya mfanyakazi imo ndani ya jina lake lenyewe.

1. NENO HILI HUTUMIKAJE?

Neno "kibarua" katika Kiswahili cha leo lina maana zaidi ya moja.

Kwanza, ni mtu anayefanya kazi kwa malipo ya kutwa au kwa kipande cha kazi, bila ya kuwa mwajiriwa wa kudumu. Hapa tunasema "kibarua amefika" na "vibarua wamelipwa", kwa sababu tunamtaja binadamu.

Pili, ni kazi yenyewe ya muda. Hapa tunasema "kibarua kimekwisha" au "nimepata kibarua cha siku tatu". Mwanafunzi wa sarufi na aangalie vizuri: neno ni lile lile, lakini likiwa mtu hufuatwa na a- na wa-, na likiwa kazi hufuatwa na ki- na vi-.

Tatu, ni jambo gumu linalomkabili mtu. Magazeti huandika kwamba timu fulani "ina kibarua kigumu" ugenini. Na kocha akifukuzwa, husemwa "kibarua chake kimeota nyasi". Msemo huo una picha ya shambani: pasipopita jembe wala mguu wa mtu, nyasi huota.

Nne, na hii ndiyo maana ya zamani ambayo wengi wameisahau, kibarua ni barua ndogo, yaani kijikaratasi chenye maandishi. Kama vile kitabu kidogo huitwa kijitabu na mlima mdogo huitwa kilima, barua ndogo iliitwa kibarua. Maana hii ndiyo mlango wa kuingilia katika asili ya neno letu.

2. KUTOKA "BARAA-A" HADI "BARUA"

Neno "barua" limetokana na neno la Kiarabu baraa-a. Mwanafunzi aliyefika mbali katika msahafu analijua neno hili. Ni neno la kwanza kabisa la sura ya 9, Surat At-Tawba, ile sura ambayo hatuianzi kwa Bismillahi. Ndiyo maana sura hiyo ina jina la pili, Surat Baraa-a.

Mzizi wa neno hili ni herufi tatu: ba, ra na hamza. Maana yake ni kuwa mbali na jambo, kutoka katika dhima, kusafika na kuwa huru na lawama au deni. Ndugu wa neno hili mnakutana nao darasani. Katika somo la tohara tunafundisha istibraa, yaani mtu kuhakikisha amesafika na mabaki ya haja ndogo kabla ya kutawadha. Katika somo la fiqhi tunasema baraa-atu dhimma, yaani asili ya kila mtu ni kuwa hana deni mpaka lithibitike. Na mwenye kudai akimsamehe mdaiwa wake, jambo hilo huitwa ibraa. Katika maneno yote haya wazo ni moja: kusafika na kutodaiwa.

Basi zamani, mtu alipolipa kodi au deni, aliandikiwa hati ya kuthibitisha kwamba sasa yu huru na hadaiwi. Hati hiyo nayo ikaitwa baraa-a. Kwa Waajemi neno hilo likawa "barati", wakalitumia kwa hati inayomwamuru mwenye kutunza fedha amlipe aliyeileta. Katika dola ya Uthmaniya, barati ilikuwa hati ya Sultani ya kumpa mtu cheo au haki fulani. Waswahili wa pwani nao wakalichukua neno, wakalilainisha kwa ulimi wao, likawa "barua", na maana yake ikapanuka hadi kila karatasi ya kupelekeana habari.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiarabu asije akakosea. Ukitaka kumwambia Mwarabu kuwa umepata barua, tumia neno risaala. Ukimwambia umepata baraa-a, atakupa pongezi akidhani mahakama imekuona huna hatia!

3. VIPI KARATASI IKAWA MTU?

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Kikaratasi kimegeukaje kuwa binadamu mwenye jembe begani?

Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson, iliyotoka mwaka 1939, inaeleza kwamba mfanyakazi wa kutwa aliitwa kibarua kwa sababu ya hati ndogo aliyopewa. Alipewa kijikaratasi kwa ajili ya kazi ya siku, na wakati wa malipo akakirudisha. Asiye na kikaratasi hakuwa na ushahidi. Kidogo kidogo watu wakawaita wenye vibarua kwa jina la walichokishika mkononi.

Katika karne ya 19, katika miji ya Unguja na Mombasa, wengi katika walioitwa vibarua walikuwa watumwa waliokodishwa kwa kutwa. Walibeba mizigo na kufanya kazi za mjini, kisha jioni wakampa bwana wao sehemu ya malipo. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Dharau tunayoisikia katika maneno "kibarua tu" ina harufu ya zama hizo, na sisi hatuna sababu ya kuirithi.

Huku kwetu Morogoro, reli kutoka Dar es Salaam ilifika mwaka 1907. Mkonge nao, ulioletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ulienea hadi Ngerengere, Kimamba na Kilosa. Huko mashambani karatasi ilibadilika jina ikaitwa "kipande". Ilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Mfanyakazi alipomaliza kazi aliyopimiwa, siku yake ilitiwa alama, na kadi ilipojaa ndipo alipolipwa. Siku ambayo msimamizi hakuiridhia haikutiwa alama, hata kama mtu alishinda juani.

Bandarini Dar es Salaam nako mizigo ya meli ilibebwa kwa miaka mingi na vibarua. Mwaka 1947 wafanyakazi hao waligoma wakidai malipo bora, na mgomo ukafuata njia ya reli hadi miji ya bara. Ni moja ya migomo mikubwa katika historia ya nchi yetu.

Hebu sasa tuunganishe mwanzo na mwisho. Neno liliondoka likiwa na maana ya kuwa huru na deni, likawa hati ya kuthibitisha malipo, likawa kikaratasi cha siku moja, kisha likawa jina la mtu. Kile kikaratasi kilikuwa ni ushahidi kwamba mwenye kazi anadaiwa, na kiliporudishwa baada ya malipo, mwenye kazi akawa ametoka katika dhima. Hivyo basi, kila tunapotamka neno kibarua tunataja, tujue tusijue, deni ambalo halina budi kulipwa.

4. MANENO JIRANI: UJIRA, AJIRA NA MSHAHARA

"Ujira", "ajira", "ajiri", "mwajiri" na "mwajiriwa" yote yametoka katika mzizi wa Kiarabu wa ajri, yaani malipo ya kazi. Katika Qur'an neno hili hutumika kwa malipo ya watu kwa watu, na pia kwa malipo ya Mwenyezi Mungu kwa waja Wake wema. Anayetaraji ujira wa Mola wake vipi azuie ujira wa jirani yake?

"Mshahara" limetoka katika mushaahara, yaani kuajiri kwa mwezi, kutokana na shahri, mwezi. Ndilo neno tunalolisema tunapotaja Shahru Ramadhani. Kwa hiyo mshahara kwa asili yake ni malipo ya mwezi. Waarabu wana pia neno muyaawama, kuajiri kwa siku, kutokana na yaumu, siku. Hilo Waswahili hawakulichukua. Walikuwa na neno lao, kibarua.

5. UJIRA KATIKA MAISHA YA MITUME

Asidhani mtu kuwa kufanya kazi ya watu kwa malipo ni unyonge. Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alieleza, katika hadithi aliyoipokea Imamu Bukhari, kuwa aliwachungia mbuzi na kondoo watu wa Makka kwa malipo madogo. Nabii Daudi (A.S.) alikula kutokana na kazi ya mikono yake.

Na Nabii Musa (A.S.) ni mfano ulio wazi zaidi. Surat Al-Qasas, aya ya 26 na zinazofuata, inatusimulia alivyofika Madyan akiwa mgeni asiye na kitu. Binti wa mzee wa mji ule alimshauri baba yake amwajiri, akataja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Kisha wakapatana. Muda ulitajwa, miaka minane, na kumi kama Musa atapenda kutimiza. Mzee akaahidi hatamtaabisha, na Mwenyezi Mungu akafanywa shahidi wa mapatano yao.

Tazameni utaratibu huo: muda umetajwa, sharti limetajwa, na shahidi yupo. Ni mkataba kamili, na aliyekuwa akiajiriwa ni Mtume.

6. WAJIBU WA MWENYE KAZI

Katika fiqhi, mlango wa kuajiri na kukodi huitwa ijara. Kutokana nao tunachukua mambo haya matano ambayo yanatuhusu hapa kijijini.

(a) Kazi ijulikane na malipo yajulikane kabla ya kuanza. Kusema "wewe lima tu, tutaelewana" si mapatano. Kama ni ngwe, ipimwe kwa hatua mbele ya wote wawili. Kama ni kutwa, ijulikane inaanza saa ngapi na inakwisha saa ngapi.

(b) Alipwe kwa wakati. Katika hadithi aliyoipokea Ibn Majah, Mtume (S.A.W.) ameagiza mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Hapa makusudio ni kuharakisha. Wakipatana wenyewe walipane mwisho wa wiki, ni sawa. Ama "njoo kesho" isiyo na mwisho, hali fedha ipo, hiyo ni dhulma.

(c) Asipunguziwe baada ya kazi. Bei iliyopatanwa asubuhi haishushwi jioni kwa kuwa mtu ameonekana ana shida na hawezi kubishana.

(d) Aachiwe nafasi ya Sala. Wanachuoni wameeleza kwamba wakati wa Sala ya faradhi umetolewa katika muda wa kazi, na ujira haupungui kwa ajili yake.

(e) Asiyejulikana alipo atafutwe. Vibarua wengi hutoka mbali na huhama. Akiwa amekufa, haki ni ya warithi wake. Asipopatikana kabisa, wanachuoni wamefundisha kutoa kiasi hicho sadaka kwa niaba yake, na akitokea baadaye apewe haki yake.

Mwenye kupuuza haya na azingatie hadithi aliyoipokea Bukhari, ambamo Mwenyezi Mungu amewataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akachukua kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Mahakama gani tutakata rufaa siku hiyo?

Sheria ya nchi nayo inakubaliana na jambo hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi alipwe siku iliyokubaliwa. Inakataza pia kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliyefikisha umri huo hapewi ila kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Wazazi na wakumbuke hili msimu wa nyanya unapofika na madarasa yakaanza kupungua watoto.

7. WAJIBU WA KIBARUA

Haki huenda na wajibu. Kibarua wa kutwa, kwa muda ule aliouuza, ni mwenye kuaminiwa. Kufukia magugu kwa udongo ili ngwe ionekane imepaliliwa ni khiyana. Kusubiri mwenye shamba aondoke ndipo ukae kivulini ni khiyana. Kupokea malipo ya awali kisha kutoroka ni kula mali ya mtu kwa batili. Zile sifa mbili alizosifiwa Nabii Musa, nguvu na uaminifu, ndizo zinazoihalalisha fedha tunayopeleka nyumbani. Wahenga wamesema kazi mbaya si mchezo mwema. Kazi ya kibarua ikifanywa kwa uaminifu ni ibada, na tonge lake ni la halali.

8. KISA CHA KIBARUA ALIYEACHA UJIRA WAKE

Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha watu watatu waliojihifadhi pangoni, jiwe likaporomoka likaziba mlango. Kila mmoja alimwomba Mwenyezi Mungu kwa kutaja jambo alilolifanya kwa ajili Yake tu.

Mmoja wao alikuwa mwajiri. Aliwahi kumwajiri mtu kwa kipimo cha nafaka, na mtu yule akaondoka bila ya kuchukua ujira wake. Mwajiri hakuila nafaka ile. Aliipanda na kuizalisha mpaka ikawa mifugo mingi. Siku nyingi baadaye yule kibarua akarudi kudai kipimo chake. Akaambiwa, "Mifugo yote unayoiona ni yako." Akadhani anafanyiwa mzaha. Alipohakikishiwa, akaichukua yote, hakuacha kitu. Kwa dua za watatu hao jiwe liliondoka wakatoka salama.

Wanafunzi wetu, zingatieni jambo moja. Mtu yule alipokuwa katika dhiki, ambapo mali haikufaa wala nguvu haikufaa, hakutaja Sala nyingi alizosali wala saumu alizofunga. Alitaja ujira wa kibarua alioutunza na kuulipa. Na jiwe lililokuwa mlangoni likasogea.

Wapo miongoni mwetu wenye kusimama safu ya kwanza, hali daftari zao zina majina ya vibarua wa msimu uliopita ambao hawajalipwa. Hatumtaji mtu. Kila mmoja anaijua daftari yake. Dawa ya deni ni kulipa, na mlango wa toba katika haki za watu haufunguki kwa istighfari peke yake bila ya kurudisha haki ya mwenyewe au kumwomba akusamehe.

9. HITIMISHO

Tumeona kwamba neno kibarua si neno la kudharaulika. Limetoka katika baraa-a, likapita katika barua, likashikwa mkononi na wabeba mizigo wa pwani na wakata mkonge wa Morogoro, hadi likatufikia sisi wa chini ya milima ya Uluguru. Mwenye kazi akilipa kwa wakati, na kibarua akitimiza kazi yake, kila mmoja anakuwa huru na dhima ya mwenzake. Hiyo ndiyo baraa-a yenyewe.

Tunawausia wanafunzi wetu: ukirudi nyumbani leo ukamkuta baba au mama ametoka kibaruani, mpokee jembe, mpe maji, umshukuru. Na ukijaaliwa kesho kuwa wewe ndiye mwenye shamba au mwenye ofisi, usisahau neno hili limetoka wapi.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Taja maana nne za neno kibarua, na kwa kila moja utunge sentensi.
2. Eleza uhusiano uliopo kati ya maneno haya: baraa-a, istibraa, ibraa na barua.
3. Kuna tofauti gani ya asili kati ya mshahara na kibarua?
4. Taja mambo yaliyokamilisha mapatano ya Nabii Musa (A.S.) na mzee wa Madyan.
5. Muulize mzee mmoja wa nyumbani au jirani yako: alipokuwa kijana, vibarua walipimiwaje kazi na walilipwaje? Andika majibu yake, uyalete darasani.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aibariki mikono ya wanaotulea kwa jasho la halali, awape wenye madeni wepesi wa kuyalipa, na atujaalie sote kukutana Naye tukiwa hatudaiwi haki ya mja yeyote. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.